Tukikimbilia Mlimani: Watabiri, Ramani za Usalama na Safari Yetu ya Mbooni



Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alitujia ndugu mmoja katika jamaa za msikiti wetu, mtu mzima mwenye mke na watoto wanne, akatuomba tukae naye pembeni. Mkononi alikuwa na simu, na ndani ya simu mlikuwa na sauti ya mtu asiyejulikana pamoja na picha ya ramani. Sauti ilisema kwamba amefunuliwa mambo: bahari itapanda na kuimeza pwani yote kutoka Lamu hadi Vanga kabla ya miaka miwili kutimia, Bonde la Ufa litapasuka, na nchi chache tu za milimani zitasalimika. Katika ramani ile bahari ilikuwa imefika Voi, na vilima vya Mbooni, huko Makueni, vilikuwa vimezungushiwa duara la kijani. Chini yake paliandikwa kwamba hapo ni mahali pa amani.

Ndugu yetu hakuja kuuliza kama habari ile ni ya kweli, kwani alikuwa amekwisha kuiamini. Alilotaka kujua ni kama inajuzu kuuza nyumba ya marehemu baba yao, ambayo yeye na umbu zake wawili wameirithi na bado hawajaigawanya, ili anunue ekari mbili za Mbooni kabla bei haijapanda. Umbu mmoja alikuwa hataki. Mama yao mzee anaishi katika nyumba hiyo, na alikwisha kusema kwamba hatatoka humo ila kwa jeneza. Dalali, hata hivyo, alikuwa keshapatikana, na mnunuzi alitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Tulimwambia asiuze hata mlango mmoja kwanza. Tukamwambia, twende sote tukaione hiyo nchi ya amani. Makala haya yametokana na safari hiyo, na tumeona tuyaandike kwa kuwa sauti ile ile imefika katika simu za nyumba nyingi, na tunajua kwamba si yeye peke yake aliyepoteza usingizi.

Bibi aliyeliona joka

Tulipanda treni ya asubuhi pale Miritini. Si ajabu kwamba mazungumzo yalianza na treni yenyewe, maana abiria aliyeketi mbele yetu, mama wa Kikamba anayefanya biashara Mombasa, alipojua tunakokwenda alitukumbusha habari za Syokimau.

Wakamba husimulia kwamba katika karne ya 19, katika vilima vya upande wa Machakos, aliishi bibi mwenye kuona mambo yajayo. Alisema kwamba litakuja joka refu litokalo kwenye maji na kwenda hata kwenye maji mengine, na pamoja nalo watakuja watu wenye ngozi kama nyama, wenye kubeba moto mifukoni. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika Ziwa Viktoria. Viberiti navyo vilikuja. Leo kituo kikubwa cha treni karibu na Nairobi kinasimama katika mtaa uitwao kwa jina la bibi huyo.

Hatuna haja ya kumvunjia heshima bibi wa watu. Twasema mambo mawili tu. La kwanza, misafara ya pembe ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa miaka mingi kabla ya reli, na mwaka 1849 mmisionari Krapf alikwisha kufika Kitui kwa mfanyabiashara mkubwa Kivoi. Habari za Wazungu na vyombo vyao vya moto zilikuwa na njia ya kupanda mlimani kwa miguu ya watu. La pili ndilo zito zaidi: hata tukichukua kwamba joka lilionekana, kuonekana kwake hakukumwokoa mtu. Katika miaka ile ile reli ilipokuwa ikikatiza Ukambani, 1898 na 1899, mvua ilikatika, ng'ombe walikuwa wamekwisha kupukutishwa na sotoka, ndui ikaingia, na ikaja njaa ambayo Wakamba wanaiita Ngomanisye. Walionusurika waliokolewa na jamaa waliowapokea, na akiba, na miguu ya kwenda kutafuta chakula. Wengine walishuka kwa ndugu zao waliokuwa wamehamia Rabai na Mariakani tangu njaa za zamani, yaani walikimbilia huku huku pwani ambako leo ramani ya simu yasema tukimbie.

Ramani zilizotangulia

Ndugu yetu alidhani ramani yake ni ya kwanza. Tulimweleza kwamba Wamarekani wamezichora nyingi kabla yake. Edgar Cayce, aliyefariki mwaka 1945 na ambaye alikuwa akitoa habari zake akiwa kama mtu aliyelala, alisema kwamba baina ya 1958 na 1998 dunia itageuka, sehemu kubwa ya Japani itazama baharini, na nchi iliyopotea ya Atlantis itaanza kuchomoza mwaka 1968 au 1969. Miaka hiyo yote imepita, na Japani iko pale pale. Katika miaka ya 1990 akaja Gordon-Michael Scallion, akauza ramani ya dunia ijayo ambamo magharibi ya Marekani imo chini ya maji. Walionunua ramani wamebaki nazo, na California imebaki kavu.

Karibuni zaidi, mwaka 2025, kitabu cha katuni cha mwandishi wa Kijapani Ryo Tatsuki kilienea kwa sababu kilitaja msiba mkubwa wa mwezi wa Julai. Watu wakaitaja tarehe 5, wasafiri wakaahirisha safari, na mashirika ya ndege ya Hong Kong yakapunguza safari za kwenda Japani. Siku ile ikapita salama. Kisha tarehe 30 ya mwezi huo huo, tetemeko kubwa kweli lilipiga Kamchatka, nchini Urusi, na mawimbi yakaelekea pande zote za bahari ile. Safari hii tahadhari ilitolewa na wenye vyombo vya kupimia, kwa saa na kwa mahali, na watu wengi wa Japani wakapanda sehemu za juu kisha wakarudi majumbani mwao. Tofauti baina ya tarehe hizo mbili za mwezi mmoja inatosha kuwa darsa.

Ama Voi, tulimwambia achungulie dirishani tulipofika. Mji ule uko zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Wataalamu wamehesabu kwamba barafu yote ya duniani ikiyeyuka, jambo la karne nyingi, bahari itapanda kiasi cha mita 70 hivi. Aliyeichora ramani ile hakujishughulisha hata kuuliza Voi iko wapi.

Na Bonde la Ufa? Mwezi wa Machi 2018 ufa mkubwa ulifunguka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na ulimwengu mzima ukaambiwa kwamba Afrika inapasuka. Ni kweli kwamba bonde linapanuka, lakini ni kwa milimita chache kwa mwaka, na kutengana kamili ni habari ya mamilioni ya miaka. Ufa ule ulifunuliwa na mvua kubwa iliyokokota majivu laini ya volkeno. Mkulima aliyekuwa na nyumba juu yake alikuwa na haki ya kuhama. Mtu wa Mombasa hakuwa na haja.

Mbooni wenyewe

Tulishuka Emali, tukachukua gari hadi Wote, kisha tukapanda milima. Hatukatai kwamba nchi ile ni nzuri. Hewa ni baridi, mashamba yamekatwa ngazi juu ya ngazi hadi vileleni, na kuna mahindi, maharagwe, kahawa na maembe. Mwenyeji wetu, mzee ambaye jamaa wa Mombasa walituunganisha naye, alitupokea kwa uji na akatutembeza shambani kwake mpaka magoti ya wageni yakaomba ruhusa.

Tulipomweleza kilichotuleta, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Shekhe, wanangu wawili wako Mombasa kutafuta riziki. Sasa nyinyi mwaja huku kutafuta usalama. Basi sisi na nyinyi tutapishana njiani."

Akatusimulia asili ya mahali pale. Wazee husema kwamba Wakamba walitoka pande za Kilimanjaro, wakapita Nzaui, wakafika vilima hivi katika karne ya 17 hivi, wakapaita Mbooni kwa ajili ya nyati, ambao kwao huitwa mboo. Palikuwa na maji na palikuwa na ngome ya mlima dhidi ya maadui. Hata hivyo watu walipozidi walitawanyika kwenda Iveti na Kilungu, na wengine wakavuka mto Athi hadi Kitui. Hapo ndugu yetu aliinua kichwa. Mahali pa amani pa ramani yake palikuwa mahali ambapo watu wameondoka vizazi kwa vizazi.

Mzee akahesabu njaa kwa majina yake, kama sisi tunavyohesabu majina ya pepo za bahari. Ile ya 1961 inaitwa Ndeke, kwa kuwa chakula kilidondoshwa na ndege. Ile ya 1984 inaitwa Nikw'a Ngwete, maana yake "nakufa nami nimeshika", yaani fedha iko mkononi na chakula cha kununua hakipo. Jina hilo alilitamka polepole, akamtazama ndugu yetu mwenye dalali. Kisha akatuonyesha, ng'ambo ya bonde, kovu la udongo mwekundu palipoporomoka shamba la jirani katika mvua nyingi. Akasema kwamba mlima nao una siku zake.

Jambo lililotugusa zaidi tulilipata katika zile ngazi za mashamba. Mwaka 1937 afisa wa hifadhi ya udongo wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika kwamba nchi hii ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Mbooni na Makueni yote, inaelekea kuwa jangwa la mawe na mchanga, na kwamba watu wake wanaporomoka katika umasikini usio na tumaini. Huyo hakuwa kahini. Alikuwa mtaalamu, na alichokiona kwa macho kilikuwa kweli. Lakini mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha uchunguzi wao wakaonyesha kwamba tangu miaka ya 1930 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko wa udongo ulikuwa umepungua. Vikundi vya mwethya, na wengi wao ni wanawake, vilichimba mifereji na kurusha udongo upande wa juu, kazi ambayo hadi leo inaitwa fanya juu hata katika vitabu vya Kizungu. Wakajenga kuta katika mito ya msimu, mchanga ukajaa nyuma ya kuta, na maji yakajificha ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii.

Ikiwa utabiri wa mtaalamu aliyepima udongo kwa mikono yake uligeuzwa na majembe ya akina mama, je, sauti isiyo na jina ina nguvu gani hata tuuze nyumba kwa ajili yake?

Neno la dini

Usiku ule, katika baridi ya Mbooni, tulikaa na ndugu yetu tukazungumza naye kama tunavyozungumza na wanafunzi wetu.

Mwisho wa Suratu Luqman, Mwenyezi Mungu Subhanahu wa Taala ametaja mambo ambayo ilimu yake kamili iko kwake peke yake: Saa ya Kiyama, kuteremka kwa mvua, yaliyomo matumboni, atakachochuma mtu kesho, na ardhi ambayo mtu atafia. Tuitazame hiyo ya mwisho. Mwenye kuuza ramani ya mahali pa kusalimika anadai kujua jambo ambalo hata Mitume hawakupewa funguo zake.

Na katika Suratu Hud kuna kijana aliyefikiri kama ndugu yetu. Mwana wa Nabii Nuhu alipoitwa na baba yake alijibu kwamba ataukimbilia mlima umkinge na maji. Wimbi likapita baina yao, akawa katika waliogharikishwa. Mlima haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuutegemea mlima na kumwacha Aliyeuumba.

Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo, sala yake ya siku arobaini haikubaliwi. Akaeleza pia kwamba neno moja la kweli ambalo kahini hulipata huchanganywa na uwongo mia, nasi tukalikumbuka hilo moja tukayasahau mia. Hatusemi hili kwa kuwanyooshea kidole majirani tu. Sisi watu wa pwani tuna bao letu, ramli yetu na vitabu vyetu vya nyota, na wapo wanaovaa kilemba wakauza ghaibu kwa bei ya rejareja. Hesabu ya falaki inayotupa nyakati za sala na kupatwa kwa jua ni ilimu. Kumwambia mtu siku ya kufa kwake au nchi ya kunusurika kwake ni jambo jingine kabisa.

Na matokeo yake tumeyaona. Mwaka 1979 huko Makka, watu walioamini ndoto za kuja kwa Mahdi waliuteka Msikiti Mtukufu kwa silaha, na damu ikamwagika ndani ya Haram. Mwezi wa Machi 2000 huko Kanungu, Uganda, mamia ya watu walioambiwa kwamba dunia inakwisha waliteketea ndani ya nyumba yao ya ibada. Mwaka 2023, hapa hapa kwetu katika kaunti ya Kilifi, watu waliuza mali zao na kuhamia msitu wa Shakahola wakiamini kwamba mwisho wa dunia umefika. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400, na wengi walikuwa watoto. Msitu ule nao uliitwa mahali pa usalama.

Basi je, tukae tu tungoje?

Hapana. Sayyidna Umar (R.A.) alipokaribia Shamu, akaambiwa kwamba tauni imeingia, alirudi na watu wake. Abu Ubaida alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kwamba wanatoka katika kadari yake wakaingia katika kadari yake. Umar hakufuata ndoto. Alifuata habari ya hakika ya maradhi yaliyokuwapo. Na Nabii Yusuf (A.S.) alipojua miaka ya ukame inakuja, aliweka nafaka ghalani. Kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali, ndiyo njia yetu.

Pwani yetu ina hatari za kweli. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliyoanzia Sumatra ilivuka bahari nzima ikafika kwetu. Somalia walikufa karibu watu 300. Kenya alikufa mmoja, kwa kuwa maji yalipungua nguvu, na pia kwa kuwa habari ilitangulia na watu wakaondolewa fukweni. Tangu hapo nchi za Bahari ya Hindi zimeunda mtandao wa kutoa tahadhari. Mwezi wa Mei 2024 Idara ya Hali ya Hewa ilitutangazia kimbunga Hidaya kabla hakijafika, na wavuvi waliosikia walivuta vyombo vyao. Bahari kwa jumla imepanda kiasi cha sentimita 20 tangu mwaka 1900, na visima vya karibu na ufuo vinaonja chumvi. Dawa yake haipo katika duara la kijani. Wenzetu wa Gazi, kaunti ya Kwale, wanailinda mikoko yao tangu mwaka 2013 chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, na faida yake inarudi kijijini kwa maji na shule. Hiyo ndiyo fanya juu ya watu wa bahari.

Kwa hiyo twausia mambo machache. Sauti isiyo na jina ikikufikia, isikomee tu kutoaminiwa, isipelekwe mbele pia, kwani Mtume (S.A.W.) amesema kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kusimulia kila alisikialo. Sikiliza tahadhari ya wenye kupima, na siku wakisema ondoka, ondoka. Jueni katika familia nani atambeba bibi na nani atachukua watoto. Na mali ya urithi isiuzwe kwa hofu ya mmoja. Umbu ana fungu lake lililotajwa katika Qur'ani, na halihamishwi bila ridhaa yake.

Anayetaka kuhamia Mbooni kwa sababu anaipenda nchi, au kwa kazi, au kwa ndoa, tunamwombea baraka. Ardhi ya Mungu ni pana. Ila anunue kwa mali yake na kwa jicho lililoamka.

Tulirudi siku ya tatu. Ndugu yetu hakusema mengi njiani. Alipofika nyumbani mama yake alikuwa amekaa barazani, akamuuliza kama amenunua shamba. Akajibu kwamba amenunua gunia la maembe. Mama akachagua moja, akalinusa, akamwambia amwite yule umbu aliyekuwa amemnunia, waje wale pamoja. Mwisho wa mwezi ulipofika dalali alipiga simu, na aliyeipokea alikuwa umbu.

Wabillahi tawfiq.